Mgongo wa Bibi Tabitha

Sina mvi za kukuita mwanangu, mdogo wangu, ila kwa kuwa unajiandaa na mtihani wa fiziotherapia, nisikilize kidogo. Nakumbuka asubuhi moja nikiwa mafunzoni katika hospitali moja huku Kilosa. Bibi Tabitha, mkulima wa mpunga kutoka Zombo, aliletwa kwa bodaboda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, daktari. Nikisimama, miguu inawaka moto, inakufa ganzi. Nikiinama kupalilia, napata nafuu kabisa."

Nikacheka. "Bibi, mgongo gani unapona kwa kuinama? Au umelikumbuka shamba?"

"Haya, wewe ndiye uliyesoma," akasema, naye akacheka.

Mimi niliyebishana na wahadhiri hadi wakanichoka, siku hiyo sikujihoji hata mara moja. Niliwaza diski iliyotokeza tu, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo. Nikamkataza kuinama, nikamfundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua, asubuhi na jioni. Kila neno akaitikia "ndiyo". Huku kwetu wazee hawambishii aliyevaa koti jeupe, nami nikadhani ile heshima ni kukubali.

Baada ya wiki mbili alirudi ameshikiliwa na binti yake. Hata kwenda chooni alipumzika mara mbili njiani.

"Mjukuu wangu," akasema taratibu, safari hii hakuniita daktari, "nilikuambia kinachonisaidia, ukanikataza."

Msimamizi wangu alimkalisha, akamwinamisha mbele, viwiko juu ya magoti. Dakika chache tu, ganzi ikaanza kuachia. Mfereji wa neva mgongoni mwake ulikuwa umebana kwa umri. Kuinama huupanua, kunyooka na kuinua kifua huubana zaidi. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini palizi ilikuwa imempita, na mpunga wake mwaka ule ulimezwa na magugu.

Basi, mdogo wangu, andika kwenye mtihani kwamba diski iliyotokeza mara nyingi huchukia kuinama na kukaa, na mfereji uliobana hupenda kuinama. Utapata alama zako. Ila ukiwa na mgonjwa, muulize kwanza yeye hupata nafuu vipi, na jibu likipingana na daftari, usilicheke. Anayeitikia kila kitu, muulize tena. Akisema hawezi kuzuia mkojo, neva zimebanwa vibaya; acha mazoezi, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo.

Mungu akujalie kufaulu, na akupe subira ya kumsikiliza mtu hadi amalize.