Mteremko wa Mlangoni Kwetu

Juzi kule Buhongwa nilimwona fundi akisawazisha saruji mbele ya nyumba mpya. Harufu yake ikanirudisha Nyakato, alasiri ile mama aliposhika nyundo kubwa na kuvunja ngazi zetu tatu za mlangoni.

Nililia, nikidhani anabomoa nyumba.

"Acha kulia, lete maji," aliniambia.

Akajaza kifusi, akamwaga zege, akatengeneza mteremko mrefu kutoka njiani hadi mlangoni, kisha akapanga mawe laini ya ziwani pande zote mbili. Nikaamini anapendezesha nyumba tu.

Zege lilipokauka, akaja bibi, mama yake baba. Miguu yake ilikuwa imeisha nguvu, lakini alikuwa amekataa kuhamia kwetu kwa sababu hakutaka kubebwa mlangoni kama mtoto.

"Shikamoo, mama," mama alimwamkia, akajizuia kumshika mkono.

"Marahaba." Bibi aliegemea mkongojo wake, akapanda taratibu, peke yake, mpaka sebuleni.

"Nyumba hii ina adabu," alisema akiketi.

Mama aliinamisha uso akitabasamu. Mimi nikakimbia kuwaita watoto wote wa jirani waje kuuona mlango wetu.