Jumapili za Msusi

Bibi Pindo alikuwa na ulimi ambao hata mwanawe wa kumzaa aliuogopa. Jina hilo alilipata kwenye chumba cha kushonea cha hospitali, alikokunja mapindo ya mashuka tangu usichana wake hadi walipomstaafisha kwa hotuba ndefu na saa ya ukutani. Mume alikwisha kutangulia. Mwana aliishi mji mwingine, akipiga simu kila mwisho wa mwezi kumuuliza kama amekula, kana kwamba mtu hula mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo kikundi cha kujitolea cha mtaani kilipotafuta watu wa kushona magauni ya wagonjwa, yeye alifika ukumbini kabla hata mlango haujafunguliwa. Katibu wa kikundi, mwanamume wa maneno matamu na kalamu mbili mfukoni, alikuwa na utaratibu wake: kila mzee akae na kijana mmoja, cherehani mbili kwenye meza moja. Vijana wajifunze, alisema, na wazee wachangamke. Bibi Pindo akamjibu kwamba yeye hakuja kuchangamka, amekuja kushona.

Kijana aliyepangiwa alikuwa msusi, binti mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau.

"Kucha hizo ni za kushonea au za kuchimbia kisima?" Bibi Pindo akamuuliza.

Msusi alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Jumamosi iliyofuata alikuja amezikata, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Bibi alimfundisha kugeuza kola na kukaza mshono bila kukunja kitambaa. Msusi alimsimulia habari za wateja wake, na za yule bwana aliyemwahidi ndoa kisha akabadilisha namba ya simu. Yeye ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano zote mbili, maana macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu ambao daktari aliupa jina refu bila dawa. Pasi ikiwa inapata moto, alizisuka zile mvi mistari midogo midogo. Kichwa cha Bibi Pindo kilikuwa hakijaguswa na mkono wa mtu kwa miaka, na siku ya kusukwa alirudi nyumbani akalala upande mmoja asije akaviharibu vile vimistari.

Na alishona, jamani. Kila Jumamosi jioni rundo lake lilikuwa refu kuliko la mtu mwingine yeyote, na Katibu alilipiga vikofi akisema, "Bibi, umetia fora." Alirudi kwake mgongo umenyooka. Mahali fulani palikuwa na mgonjwa aliyelala ndani ya kazi ya mikono yake, na kwa hilo aliamka asubuhi na kuoga na kuvaa. Ukimwondolea hilo, anabakiwa na ile simu ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi moja Msusi hakutokea. Ana homa, wakasema. Kesho yake mchana Bibi Pindo akanunua machungwa, akaenda akiulizaulizia mpaka akaifikia saluni. Msusi alipanga chumba cha nyuma, pamoja na mwenzake wa kazi. Mlango ulikuwa wazi. Huyo mwenzake alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, wembe mkononi, nguo zimemjaa mapajani na vipande vya nyuzi vimetapakaa sakafuni penye nywele.

"Karibu, mama, ila leo hatusuki."

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Amelala, homa haijashuka. Kaa kidogo."

Bibi Pindo akaketi. Aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa, akakijua.

"Unashona?"

"Nashona wapi, mama! Nafumua." Binti akakata nyuzi mbili tatu kwa hasira. "Kuna bibi mmoja huko kwenye kujitolea kwao, macho yamekwisha. Anashona kombo mpaka unaweza kulia. Kuna siku hospitali walirudisha gauni, mgonjwa anasukuma mkono hautokei, kumbe bibi kaushona mkono ukafungwa kabisa. Katibu akataka kumwambia apumzike. Huyu wangu akasema hapana, leteni kwangu nitazirekebisha. Basi kila Jumapili, siku yake pekee ya kulala, anafumua, anashona upya, Jumatatu Katibu anapita kuzichukua. Leo hawezi hata kukaa, nikasema angalau nimfumulie."

"Anazifumua zote?"

"Labda zile kamba za kufungia. Kamba anaziweza."

"Na huyo bibi, kwa nini hamumwambii?"

"Mara ngapi nimemwambia huyu amwambie? Anasema akijua hatarudi tena ukumbini, na hana mtu."

Bibi Pindo alisikia joto likimpanda shingoni, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa Jumamosi zote hizo, na mpakaji ndiye mtu pekee aliyempenda mjini humo. Alijaribu kumkasirikia. Hasira, ambayo maisha yake yote haikuwahi kumchelewea, ilikataa kuja. Nyuma ya pazia Msusi alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu asiyepumzika, na bibi alitamani kuingia amwekee mkono kwenye paji la uso. Badala yake akaweka machungwa mezani, akasimama.

"Nimwambie kaja nani?"

"Mteja."

Wiki nzima aliyapanga maneno. Yalikuwa machache: najua, mjukuu wangu, sasa pumzika Jumapili zako. Kwa ulimi kama wake ilikuwa kazi ndogo sana. Ila kila alipoyafikisha mwisho aliiona ile meza ya ukumbini, cherehani moja ikiwa na mtu na nyingine haina. Binti wa umri ule angekuja kukaa naye kwa lipi? Kwa machungwa?

Jumamosi alimkuta Msusi ameshafika. Mashavu yalikuwa yamebonyea, hata macho yenye ukungu yaliyaona.

"Nilikuwa naogopa hutakuja, bibi. Ningekaa na nani mimi?"

Bibi Pindo akafungua kinywa. Maneno yalikuwepo yote, kwa mpangilio ule ule.

"Nitungie uzi," akasema.

Akashona polepole, ili kesho pawe na kidogo cha kufumua. Hiyo ndiyo huruma aliyoiweza. Mchana Katibu alipita mezani pao, akaliangalia lile rundo fupi.

"Leo mkono mzito, bibi?"

"Mwache," Msusi akadakia. "Leo anashona vizuri kuliko siku zote."

Bibi Pindo alijua ni uongo, na alijua atakayeulipia. Hata hivyo furaha ikamjaa kifuani kama mtoto aliyesifiwa. Akanyoosha mkono kwenye kapu, akachukua gauni jingine.