Kamera ya Kumpigia Picha Mama Mkwe

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya masomo ya jioni, kwamba mwanaume akimpiga picha mama mkwe wake kioo kinapasuka. Sisemi kinaweza kupasuka. Kinapasuka. Habari hiyo niliipata stendi ya Masasi kwa mpiga picha mwenzangu, wa kutumia simu kama mimi, mtu mzima mwenye watoto na kitambi, na alikuwa na ushahidi. Kuna kijana mmoja huko Newala alithubutu, simu yake ikapasuka kioo kona hadi kona, palepale uani kwa mkwewe, mbele ya kuku.

"Mbele ya kuku?" nikauliza.

"Kuku wenyewe walikimbia," akasema.

Nikaona basi, jambo lenye mashahidi wa namna hiyo halina mjadala.

Msinicheke haraka. Fizikia nilisoma. Mwalimu wetu wa jioni alituahidi kutuchomea karatasi kwa lenzi na jua, mpaka tulipomkumbusha kwamba jua lenyewe huwa limeshazama tukiingia darasani. Lakini heshima ya mkwe nayo ina kanuni zake, tena hizo nilifundishwa kabla ya za fizikia. Huku kwetu mama mkwe hasogelewi hovyo. Unamwamkia ukiwa mbali, macho chini. Humpi kitu mkono kwa mkono. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye mikorosho ili yeye apite. Mimi siku moja nilimpisha wangu kwa adabu kubwa kiasi kwamba nusura nivuke Ruvuma niwe raia wa Msumbiji.

Ningeendelea kumpisha hivyo hadi uzeeni kama si mke wangu. Jioni moja tunakula, akaacha tonge mkononi.

"Bibi yangu alikufa hana picha," akasema. "Zamani nikimkumbuka nilikuwa namwona. Sasa naiona kanga yake tu, uso hauji. Sitaki mama naye anipotee hivyo."

Mama mkwe alikuwa na picha moja tu duniani, ile ya kadi ya mpiga kura, na humo anaonekana kama mtu aliyekamatwa na pombe ya gongo ya jirani. Wapiga picha wa mjini alishawafukuza. Walimwambia acheke, akawajibu kwamba kicheko hakiagizwi. Kwa simu yangu niliwahi kujaribu kwa kuibia, nikiwa nje ya uzio. Alitoka mdogo kama punje ya karanga, na nilipovuta akageuka uji. Nikashukuru tu kwamba kioo kilisalimika, nikasema labda uzio ulinikinga.

Ndipo akapiga simu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, baharia wa meli za mizigo, mtu ambaye siku moja yuko bandari hii na kesho yuko upande wa pili wa dunia.

"Shemeji, narudi likizo. Nakuletea kamera, zawadi. Ila picha ya kwanza iwe ya mama."

Nikaitoa simu sikioni, nikakitazama kioo chake.

"Upo?"

"Nipo, shemeji. Nashukuru mpaka nimekosa mate."

"Basi chagua. Ziko mbili."

Zote mbili zilikuwa za ukoo mmoja wa ajabu. Ni kamera ndogo, ya kushikwa kwa kiganja, lakini ndani imewekewa kibao cha kupokea mwanga, wenyewe hukiita sensa, kikubwa kilekile cha kamera nzito za wakubwa wanaopiga picha marais. Na lenzi yake ni moja, haitoki, haibadilishwi, haivuti mbali wala karibu. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, mwendee. Ukitaka awe mdogo, mwache. Miguu yako ndiyo inayovuta.

Tofauti ilikuwa kwenye upana wa jicho. Moja ilikuwa ya milimita ishirini na nane, nyingine thelathini na tano, na kwenye lenzi namba ikiwa ndogo jicho linakuwa pana zaidi. Ile ya ishirini na nane ilikuwa imezibwa isiingie vumbi wala manyunyu, jambo kubwa kwa mtu wa barabara za kwetu na ukungu wa Newala. Tena ilikuwa na kifaa ndani cha kutuliza mkono unaotetemeka, na mkono wangu mbele ya mama mkwe ungetikisa hata mlima. Lakini jicho pana linadai ukaribu. Usipomsogelea mtu hadi usikie anavyopumua, anapotea kwenye mandhari. Na ukimsogelea sana, pua inatangulia mbele ya uso kama mgeni mwenye njaa. Ile ya thelathini na tano haikuwa na utulivu huo, na betri yake, alivyonionya shemeji, inakata tamaa mapema. Ila ilikuwa inaniruhusu kusimama nyuma kidogo.

Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo nilipochukua boksi la sabuni nikakata madirisha mawili, moja pana, moja jembamba, nikaingia sokoni Masasi kupima. Nikawa nafumba jicho moja, natazama watu kupitia boksi, nasogea, narudi, nasogea.

"Msomi!" akaita bodaboda mmoja. "Leo chaneli gani?"

"Taarifa ya habari," nikamjibu.

"Basi ongeza sauti!"

Mama muuza dagaa yeye hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama nyumbani wanajua nimetoka.

Jibu la boksi lilikuwa la kusikitisha. Kati ya dirisha hili na lile, ili mtu ajae kifua na kichwa, tofauti ni kama hatua moja. Mtu mwingine angesema hatua moja ni nini. Mtu huyo hana mkwe. Nililala na kuamka na ile hatua wiki nzima, mke wangu akaanza kuniuliza kama nina mchumba. Mwishowe nikamwandikia shemeji: thelathini na tano. Nilimweleza kwamba ni nyepesi mfukoni. Sababu yenyewe sikumwambia mtu, wala mke wangu. Utamwambiaje mwanamke kwamba unaogopa kioo kitapasuka kwa ajili ya uso wa mama yake?

Kamera ikaja imefungwa ndani ya soksi za baharia. Hadi leo nikiishika namwombea yule mtu bahari tulivu. Na picha tuliyoifuata ipo sebuleni kwetu Masasi, kubwa, na mke wangu akifagia asubuhi huiamkia shikamoo. Mara nyingine nami humwamkia, kwa mbali, nikiwa mlangoni. Niseme basi ilivyopatikana.

Tulipanda Newala kwa mama mkwe, na baridi yake, ile inayofanya hata mbuzi waonekane wanatafuta sweta. Tulipofika ukungu ulikuwa unaondoka. Mama mkwe alikuwa uani juu ya kigoda, anachambua ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, kanga ya kichwani ameifunga vizuri kuliko siku zote. Alikuwa amejiandaa. Nikaamkia nikiwa kwenye uzio, nikaitikiwa marahaba, nikainua kamera.

Kwenye kioo kidogo cha nyuma niliona jiko, choo, banda la kuku, kamba ya nguo, mbuzi mmoja, na katikati kitu cha rangi ya kanga. Ile hatua moja niliyoipigania ilikuwa haijasaidia chochote, maana mimi nilikuwa hatua nyingi mno kutoka hapo.

Mama mkwe hakunisemesha. Alimsemesha bintiye, kama ilivyo desturi, kwa sauti ya kunifikia.

"Muulize mume wako, ananipiga mimi au anapiga choo?"

"Mwambie mama, naanza na mandhari," nikasema.

"Mwambie mandhari hayakumpa mke."

Mke wangu alikuwa amejishika mbavu. Lakini nilipomtazama niliona macho yake hayacheki. Yalikuwa yanatoka kwangu yanaenda kwa mama yake, yanarudi. Nikajua nikishindwa leo, siku moja atakula nami meza moja akiwa anaikumbuka kanga tu. Nikasogea. Hatua moja, mbili. Uso ukaanza kuonekana, mikunjo, lile jino lake la pembeni. Nikaona bora nipumzike kwanza, nikaanza kurudi nyuma, taratibu, kwa heshima zote.

"Asirudi nyuma!" mama mkwe akapiga kelele. Kuku wakaruka.

Nikaganda, kamera juu. Na kwa hofu ile, mdomo ukajisemea wenyewe.

"Mama, nisamehe. Nimesikia mkwe akimpiga mkwe picha, kioo kinapasuka. Kuna kijana hapa Newala kilimpasukia."

Mke wangu akatumbua macho. Mama mkwe akaweka ming'oko chini, akajifuta mikono. Kisha akanitazama mimi mwenyewe, usoni, bila kumtuma mtu.

"Kijana yupi? Ni mume wa dada wa huyu mkeo, na aliyekuwa anapigwa picha ni mimi. Mkeo wakati huo yuko shule ya bweni Lukuledi, hakuona. Mwenzako alisimama hapohapo ulipo, akarudi nyuma kwa adabu, akajikwaa kwenye kinu, simu ikaangukia jiwe. Kioo hupasuka kikiangukia jiwe, baba. Na kinu kiko nyuma yako. Njoo huku mbele."