Siri ya Langoni Niliyoimwaga Sebuleni

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso, maana hadi leo nikiona watu wamekusanyika mbele ya gemu jasho linanitoka, na Gitting ninayoikumbuka mimi, kwa baridi yake na masweta yetu na kande za moto za Jumapili, haikuwa mahali pa mtu kutokwa jasho.

Nilipangiwa kufundisha huko nikitokea Tabora, na rafiki yangu mkubwa alikuwa mwalimu mwenzangu, Safari, mzaliwa wa pale pale. Alikuwa na gemu kwenye kompyuta linaloruhusu mchezaji kutengeneza levo zake mwenyewe, basi akatengeneza moja ya nyumbani kwao: shamba la ngano, ng'ombe, na langoni bibi amekaa kwenye kigoda, hapitiki. Vijana wa jirani walihangaika naye wiki nzima, wakamruka, wakatafuta funguo zizini, wapi (watu ambao nje ya kioo hawathubutu kumpita mzee bila shikamoo). Mimi nilishafika mwisho, tena nilijiona fundi.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya mtu aliyetengenezewa levo yenyewe, baba yake Safari, Mzee Bura. Sebule ikajaa. Safari akaniomba niseme maneno mawili tu kama mhakiki, levo ni ngumu au rahisi, basi. Ningesema nzuri nikakaa, lakini nikaamua waone kwamba mimi nilishaipita, nikaeleza ngano, nikaeleza ng'ombe, nikafika langoni breki zikakataa, nikasema bibi harukwi wala hapigwi, anaamkiwa tu, bonyeza kitufe cha salamu lango linafunguka.

Vijana wakaguna. Nikaona nimeharibu, nikataka kurekebisha (hapo ndipo nilipojimaliza), nikawaambia hiyo siyo siri yenyewe, siri yenyewe ni kwamba bibi anaitikia kwa sauti ya marehemu mama yake Mzee Bura, Safari alimrekodi kwenye simu enzi za uhai wake.

Safari akainama, akaanza kuchezea waya wa kompyuta. Mzee Bura akanigeukia taratibu.

"Mwalimu," akasema, "mama yangu nisingempita bila kumwamkia. Ungeniacha anishtue mwenyewe."

Akacheza hata hivyo, kwa heshima ya mwanawe. Alipofika langoni akabonyeza, sauti ikatoka, "Marahaba, mwanangu," naye akatikisa kichwa tu, kama mtu anayeletewa habari aliyokwisha kuambiwa.

Nilishahamishwa, na Gitting naikumbuka mpaka naumia. Siku hizi nikiombwa kuhakiki levo ya mtu nasema kama inachelewa kufunguka, kama vitufe vinakubali, kama inafaa watoto, halafu nanyamaza, hata wakinibembeleza. Levo nyingine zinatengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu mmoja, sekunde moja tu. Uso ule wa Mzee Bura, Safari aliusubiri miezi, na hakuuona.