Nilipokataa Bugali

Nilifika Goma juu ya mifuko ya makaa, kwenye lori lililotoka Butembo na kukwama Kanyabayonga kwa sababu mbele walikuwa wanapigana. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa Bunia, Kisangani na Kampala, na kila mji niliukumbuka vizuri baada ya kuuacha. Safari hii nilitoka kumzika baba. Sukari ilimla mguu, ikamla macho, kisha ikammaliza.

Mama mudogo, yaani mdogo wa mama yangu, alinipa chumba kwake Majengo. Alikuwa mjane, akikaanga mandazi mbele ya uwanja wake na kuishi kwa hayo.

Kwa hofu niliyotoka nayo kaburini nilikwenda kupimwa. Muuguzi alisoma kipimo akaniambia, "Papa, bado hauna ugonjwa, lakini uko ku mulango. Punguza bugali, muchele, ndizi, mukate. Kula majani, samaki, mayai."

Sikupunguza; niliacha kabisa. Jioni hiyo mama mudogo alileta bugali, lengalenga na sambaza wa ziwani. Nilikula mboga na samaki, bugali nikausukuma pembeni. Kwetu Kivu mwenye nyumba huonja kwanza, na chupa ya bia hufunguliwa mbele ya macho yako, kwa sababu ya karuho, sumu ambayo watu husema humkausha mtu polepole. Mama mudogo akamega donge kwenye sahani yangu, akalimeza.

"Umeona? Sasa unaogopa nini?"

"Mama mudogo, ni munganga wa hospitali amekataza."

"Munganga anakataza bugali! Yeye alikula nini akakomaa?"

Alicheka, nami nikacheka, na kuanzia hapo akawa ananichemshia majani na kuninunulia avoka. Suruali zikaanza kunilegea. Kipimo kikashuka. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha furaha hiyo: watu walikuwa wanaingia kutoka Rutshuru na Masisi wakiwa na magodoro kichwani, na wengine walilala uwanjani kwetu. Waligombania unga, mimi nikiukataa mbele yao.

Kisha barabara zikafungwa. Mboga zikaadimika, maharagi yakapanda, sambaza wakawa wa wenye pesa. Nilizidi kukonda, na sasa ilikuwa njaa tu.

Asubuhi moja mandazi yalipoa kwenye beseni bila mnunuzi. Jirani alikuwa amesimama kwenye ua, akisema kwa sauti ya kusikika, "Alikuja hapa munene. Mumuangalie leo. Nani anamupikia?"

Nikatoka. "Mama, hii ni rejime, najinyima bugali kwa sababu ya sukari. Mimi mwenyewe nimeamua."

"Rejime!" Alipiga makofi. "Mu vita hii, nani anafanya rejime?"

Wanawake waliokuwa naye walicheka. Mama mudogo hakucheka. Nyuma ya soko walikuwa wameshachoma nyumba ya bibi mmoja kwa tuhuma hiyohiyo, ya kumlisha mtu karuho, na yeye alimjua.

Kesho yake niliketi kando ya karai lake, nikala bugali mbele ya wapita njia mpaka nikashindwa kupumua. Nilifanya hivyo kila siku. Hawakununua. Walisema ni kwa bugali huo mama mudogo ananimalizia. Nilipopimwa tena sukari ilikuwa imepanda, na muuguzi akaniuliza kama nataka kufa.

Nilimweleza mama mudogo. Alikuwa anakung'uta unga mikononi.

"Uende," alisema. "Ukifia hapa, hata na malaria, ni mimi watachoma. Uende ukanenepe kwa wengine."

Nilitaka kuondoka alfajiri, kimya, kama nilivyoondoka miji mingine. Akakataa katakata. "Usitoroke. Utapita muchana, katikati ya barabara, na utasalimia kila mulango. Wakuone uko muzima."

Basi nilipita mchana, begi begani, nikisalimia kwa sauti kubwa. "Naenda Bukavu, mubaki salama!" Wachache waliitikia. Yule jirani aliingia ndani na kufunga mlango. Mama mudogo hakunisindikiza bandarini, maana alisema watu watadhani ananitorosha. Nilipofika kwenye kona niligeuka. Alikuwa ameketi mbele ya karai, moto umewaka, anageuza mandazi, na hakuna aliyesimama pale.