Mwanamke wa Kabatini

Juzi binti yangu aliniwekea filamu ya zamani ya kutisha kwenye simu, nami nikaitambua kwa mlio wa mlango tu.

Niliiona mara ya kwanza kwa tonton Liko, jirani tuliyemwita mjomba mtaani Mangobo, mchana wa joto, mapazia yamefungwa. Watoto tulijibana kwenye mkeka. Harufu ya makayabu, wale samaki wa chumvi, ilitoka jikoni ikatukalia puani. Nyuma yetu alikaa mama mukubwa, dada wa mama yangu, Biblia mapajani. Kwetu filamu ya mashetani haikutazamwa bila mtu wa kuomba.

Kabati lilifunguka polepole. Mwanamke asiye na uso akatoa mguu mmoja. Mama mukubwa akasimama, akanyoosha mkono kwenye televisheni.

"Rudia kwenye ulitoka, kwa jina ya Yesu."

Televisheni ikazimika. Hata redio za majirani zilinyamaza.

"Courant imeenda," tonton Liko alisema.

Sikumjali yeye na umeme wake. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu nani ameshinda, na usiku nililala vizuri.

Siku hizi najua umeme wetu hukatika bila kuombewa. Nimeshatazama filamu nyingi za kutisha, na bado naipenda hiyo kuliko zote, ingawa mwisho wake sijauona.

Basi juzi mguu ulipotoka kabatini, niliizima.

"Mama, haijaisha," binti yangu alisema.

"Iliisha hapo," nikamwambia. "Mama mukubwa alimurudisha."