Mu Walikale nilichagua quartier ya mbali na shangazi

Ukikuya Walikale na shangazi yako iko anaishi pale, usichague quartier, mutaa ya kulala. Ilishachaguliwa.

Mimi nilichagua.

Shangazi anakaaka karibu na soko. Namupenda sana. Lakini saa kumi ya alfajiri anaamushaka nyumba yote kwa maombi, na mwenye kufika jana njo anaanzishaka ile maombi.

Basi jana, kutoka Masisi, nikashuka ku pikipiki na kwenda polepole kulala mu logement moja, nyumba ya bageni, ngambo ya mto. Kimya kabisa. Nililala mupaka jua ikatoka.

Leo asubuhi wananiletea chai, mukate na fromage, ile jibini. Naonja: fromage ya kwetu Masisi, ile ile. Nikauliza mama wa logement wanaitoaka wapi.

"Iko mama moja anatuleteaka. Njo huyu anaingia."

Shangazi. Kitunga ku kichwa.

Mucheke tu.

Hakukasirika, na ile njo ilinitisha. Akaangalia sahani yangu, akaniangalia, akaambia mama wa logement:

"Huyu mugeni wenu, mumuongezee fromage. Kwangu angeikula bure."

Kisha akabeba sac yangu ya safari, akatoka. Nikamufuata.

Sasa niko kwake, karibu na soko. Mezani iko ugali na sombe. Nikauliza, na adabu yote, kama fromage ilibakia.

"Fromage ni ya bageni. Weye uko mutoto ya nyumba. Kula, ulale mapema. Saa kumi ni weye."